Mama Chapchap Ajifunza Kuelea

Asubuhi haikuwahi kumkuta Mama Chapchap kitandani. Kabla jua halijapanda, alikuwa ameshafagia saluni yake na kupanga vitana. Maji ya kuoshea nywele yalikuwa jikoni yanachemka. Mtu wa kwanza kupita mlangoni akiuliza kama pamefunguliwa, alikuwa ameshajibiwa.

"Mlango uko wazi, nimesimama, kitana kiko mkononi. Ulidhani nauza samaki?"

Watu walicheka. Walimpenda kwa ulimi wake na kwa mikono yake. Vidole vyake vilikimbia kichwani kama vinafukuzwa. Kila mteja aliyeketi aliambiwa neno lile lile: "Tulia, chapchap tu umemaliza." Alilisema hata kwa misuko ya kumaliza nusu siku. Basi jina likamganda.

Saluni ilikuwa chumba kimoja. Kilikuwa na kioo kirefu, viti viwili vya wateja, draya, na benchi la kusubiria. Kiti cha msusi hakikuwapo. Mama Chapchap alisimama tangu kufungua mpaka kufunga.

Lakini hakusimama akatulia. Alihamisha uzito mguu huu, akauhamisha ule. Alipiga kisigino chini. Alisugua unyayo mmoja kwenye muundi wa mguu wa pili, kama nzi.

"Mama Chapchap," wateja walimtania, "unacheza muziki gani ambao sisi hatuusikii?"

"Nacheza wa kwangu. Geuza kichwa."

Haukuwa muziki. Ilikuwa miguu. Ikifika mchana ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Ikifika jioni iliwaka moto, ikawasha, na kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba. Akilala, miguu ilimtekenya kwa ndani, akageuka huku na huku. Mumewe alisema kulala naye ni sawa na kulala na mtu anayeendesha baiskeli.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilificha chini ya magauni marefu. Nyuma ya magoti na kwenye vigimbi, mishipa ya rangi ya kijani na zambarau ilikuwa imetuna. Ilijipinda kama kamba iliyotupwa ovyo. Karibu na kifundo, ngozi ilianza kuwa nyeusi na ngumu.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Chumba chake cha kazi kilikuwa ukuta mmoja na saluni. Kutwa alikaa kwenye kigoda, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Siku moja jioni aliviokota viatu vya mkewe mlangoni, akavigeuzageuza.

"Mama watoto, viatu hivi nimevipanua mara ngapi?"

"Vipanue tena."

"Asubuhi vinakupwaya. Jioni mkanda haufiki tundu la mwisho. Hiyo si kasoro ya kiatu. Ni mguu. Nenda kwa daktari."

"Nikienda, wateja watasukwa na nani? Na wewe?"

"Nakuuliza juu ya mguu, unanijibu juu ya nywele."

"Miguu ya kusimama ndivyo ilivyo," alisema, akaingia ndani upesi.

Alikuwa anaogopa. Mama yake mzazi alikuwa mpishi wa shule, mtu wa kusimama pia. Miguu yake ilianza hivyo hivyo: kuvimba, kuwasha, weusi. Kisha kikatokea kidonda juu ya kifundo, kikakaa miaka. Mama Chapchap ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya kukifungia alipokuwa mtoto. Harufu yake hakuisahau. Aliona akienda kwa daktari, ataambiwa nawe sasa zamu yako.

Basi akajitibu mwenyewe. Mteja mmoja alimwambia aloweke miguu kwenye maji ya moto. Akaloweka, ikavimba zaidi. Mwingine akamwambia mishipa hiyo ina damu chafu, ikandwe kwa nguvu mpaka ilale. Akakandwa, akatoka na maumivu. Alizidi kuwa mkali. Alivuta nywele za watu mpaka wakalia. Mteja wake wa zamani aliondoka bila kuaga, akahamia saluni ya mtaa wa pili.

Kisha ikafika ile siku ya damu.

Kwenye kiti alikaa muuguzi wa zahanati ya karibu. Mtaani wote walimwita Nesi. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, nusu ilisimama wima. Benchi lilikuwa limejaa. Mguu wa Mama Chapchap uliwasha kama umemwagiwa upupu. Bila kuangalia, aliukuna kwa kiatu cha mguu wa pili. Ncha ya bizimu, kile chuma cha mkanda wa kiatu, ilipita juu ya mshipa.

Alihisi kitu cha uvuguvugu kinateremka. Akadhani amemwaga maji. Mwanamke mmoja kwenye benchi akapiga kelele.

"Mama we! Damu!"

Ilikuwa inaruka. Ilikuwa imeshalowesha kiatu na inatambaa sakafuni. Mama Chapchap hakusikia maumivu yoyote. Alichofikiri ni sakafu yake.

"Nipeni tambara nipanguse, watu wasiteleze."

"Lala chini!" Nesi aliruka kitini. "Lala!"

"Ngoja kwanza nipa..."

"Dada, lala chini sasa hivi!"

Akamkamata mabega, akamlaza palepale sakafuni. Akamvuta mguu, akauegemeza juu ya kiti, juu kuliko kifua. Akachukua taulo safi, akalikunja, akalibana juu ya jeraha kwa kiganja.

"Tumfunge kamba juu ya goti," alisema mmoja, ameshashika uzi wa kusukia.

"Hapana, usifunge kamba. Mguu juu na mkono ubane, basi. Na asiwepo wa kufunua kuchungulia."

Fundi viatu alisikia kelele, akaja mbio na nyundo mkononi, akidhani wameingia wezi. Alimkuta mkewe chini, gauni limepanda, mishipa yote nje, na saluni nzima inaitazama. Aliitupa nyundo, akapiga magoti.

"Usife," alisema.

"Sifi. Nifunike miguu."

Damu ilisimama. Nesi alifunga kitambaa, akamsaidia kuingia kwenye gari la jirani, akaenda naye hospitali huku nusu ya kichwa chake ikiwa wima. Hakuna aliyecheka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alisafisha jeraha. Alimshika vidole vya miguu na kutafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Akampima kwa mashine inayoonyesha mishipa kwenye kioo, kuona kama kuna damu iliyoganda ndani. Haikuwapo.

Mama Chapchap alikuwa anachezesha mguu ule mzima muda wote.

"Daktari, niambie tu. Mtaukata?"

"Nani kakuambia habari za kukata?"

"Mama yangu alikuwa na kidonda."

"Alitibiwa?"

"Alijifunga vitambaa."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye na fundi.

"Sikilizeni. Damu ikishuka miguuni ina kazi ya kupanda tena mpaka moyoni. Ni safari ya mlima. Inapanda kwa mishipa inayoitwa vena. Ndani ya vena kuna vilango vidogo. Damu ikipita kwenda juu, kilango kinafunga nyuma yake, isirudi chini. Umenielewa?"

"Kama mlango wa banda la kuku."

"Kama huo. Sasa, vilango vikilegea, damu inarudi chini na kutuama. Vena inatanuka, inajipinda, na mguu unavimba. Si damu chafu. Ni damu yako nzuri, imekosa njia. Wengine wanarithi vilango dhaifu. Kusimama kutwa kunazidisha. Kukaa kutwa pia kunazidisha." Hapo alimtazama fundi. Fundi akarudisha miguu yake chini ya kiti.

"Na nani anaisukuma damu kupanda?" daktari aliendelea. "Ni hiki." Akagusa kigimbi. "Kila ukitembea, kigimbi kinaikamua vena, damu inapanda. Ukisimama mahali pamoja, kigimbi kinalala, hakuna kazi."

"Mimi sijasimama kimya tangu nizaliwe," alisema Mama Chapchap.

"Kuhangaika si kutembea, mama. Mguu wako unakudai mazoezi, wewe unaukuna."

Fundi alikohoa kuficha kicheko.

Daktari akampa soksi ndefu za kubana, za kuvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba. Alimweleza kwamba amempima kwanza, kwa sababu si kila mguu unafaa soksi hizo. Akamwambia ainue miguu juu kuliko moyo anapopumzika. Atembee kila siku. Aache maji ya moto.

"Na ungeogelea," akamalizia.

"Nini?"

"Kuogelea. Ndani ya maji mwili umelala, kwa hiyo damu haipandi mlima. Maji yenyewe yanaubana mguu pande zote, kama soksi. Na ukipiga miguu, vigimbi vinakamua. Uzito wa mwili haukuumizi. Lakini kidonda kipone kwanza, kifunge kabisa. Tena nisikudanganye, vena hizi zilizokwisha kutuna hazitafutika kwa kuogelea. Zikizidi kusumbua, zipo tiba nyingine, tutaongea. Kuogelea kutapunguza uvimbe, uzito, na huko kuwashwa."

Kabla hawajatoka, aliwasimamisha mlangoni. "Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukiuma na kuwa wa moto, njoo siku hiyo hiyo. Ukibanwa kifua au pumzi, usisubiri hata saa moja."

Njiani Mama Chapchap alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mimi nikaogelee! Beseni lenyewe naliogopa."

Fundi hakucheka. "Utaogelea," alisema.

"Na nguo? Nikae uchi mbele za watu na miguu hii?"

"Utavaa."

"Na nywele? Mimi msusi nitoke kichwa kimenyeshewa?"

"Leo ulilala sakafuni damu inaruka, na ulichoniambia ni nikufunike miguu. Mke wangu, miguu imeshaonekana. Imekwisha. Sasa tuitibu."



Kidonda kilichukua muda kufunga. Ulikuwa muda mgumu. Kila asubuhi alifunua kuchungulia, Nesi akamgombeza. Nesi ndiye aliyempata mwalimu, mwanamke aliyefundisha wanawake wenzake kwenye bwawa la umma, asubuhi ambazo wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Nesi alikuwa anajifunza hapo yeye mwenyewe.

Daktari alipotoa ruhusa, wakaenda.

Bwawa lilikuwa pana, la vigae vya buluu, na lilinuka dawa. Sauti za watu zilirudi kutoka ukutani. Mama Chapchap alivaa nguo ya kuogelea yenye mikono na suruali ya kubana mpaka chini ya goti, na kofia ya mpira iliyomvuta nyusi. Chini ya goti miguu ilikuwa wazi. Alijizungushia taulo, akatembea hatua fupi fupi mpaka ukingoni.

Mwalimu waliyemwita Kocha alikuwa ndani ya maji tayari. Alikuwa mnene, mwenye mvi, na alielea pale kama mtu aliyekaa kwenye kochi lake.

"Karibu, dada. Leo tunaingia, tunatembea, tunazoea tu."

"Kuzoea mpaka lini? Nionyeshe kuogelea, nina wateja."

Hakusubiri jibu. Alitupa taulo, akashuka ngazi, akawaona wenzake wanapiga mikono, naye akajitupa mbele akapiga mikono. Alipiga kama anayezima moto. Akameza maji. Maji mengine yakapanda puani. Miguu haikupata sakafu. Kwa muda mfupi hakujua juu ni wapi. Kisha mkono ukamshika kwapani, ukamsimamisha. Maji yalimfika kiunoni tu.

Watu waliangalia. Alikohoa, akapanda ngazi, akaingia chumba cha kubadilishia nguo bila kutazama nyuma.

Alikaa kwenye benchi, maji yanamdondoka. Mguu ulianza kucheza. Alijichukia. Aliichukia miguu yake, na daktari, na huyu Nesi aliyemleta. Alikuwa anavua kofia Kocha alipoingia akakaa kando yake.

"Nani anakufukuza, dada yangu?"

"Hakuna."

"Mbona unakimbia?"

Mama Chapchap alitaka kujibu kwa utani. Utani haukuja. "Nikisimama, inauma," alisema. "Nikikaa, inauma. Nikilala, inawasha. Mahali pa kuiweka miguu hii sina, Kocha. Usiku na mchana nahangaika. Nimechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu yeyote.

Kocha alitazama miguu yake bila kushtuka. "Turudi. Hutaogelea leo. Utatembea na mimi mpaka ule ukuta, basi. Ukitaka kutoka, tunatoka."

Walirudi. Walishuka ngazi polepole mpaka maji yakafika kifuani. Walitembea wameshikana mikono. Maji yalikuwa ya baridi kidogo, na mazito. Yalimbana vifundo, vigimbi, mapaja. Kila hatua ilibidi aisukume. Walifika ukutani wakageuka. Walipofika katikati, Mama Chapchap alisimama.

"Nini?" Kocha aliuliza. "Umechoka?"

"Hapana. Ngoja."

Alikuwa anasikiliza. Miguu ilikuwa kimya. Haikuwaka wala kuwasha. Ilikuwa kama watoto waliolia siku nzima, sasa wamelala. Alisimama pale, maji yanacheza kifuani mwake, na hakutikisa hata kidole.

"Imenyamaza," alisema kwa sauti ndogo.

Tangu hapo hakukosa. Alijifunza kupuliza pumzi ndani ya maji. Kuelea kulimshinda siku nyingi, kwa sababu kila akilala alijikaza, na akijikaza alizama. "Shingo ilegeze," Kocha alimwambia. "Unaishika ya nini? Haitaanguka." Siku alipoilegeza, masikio yakaingia majini, kelele zote zikakatika, na miguu yake ikapanda juu yenyewe. Nesi anasema alilia. Yeye anasema yalikuwa maji ya bwawa.

Kisha akapewa ubao wa kuelea, akapiga miguu kutoka nyonga, vigimbi vikifanya kazi. Baada ya kuogelea aliosha nywele kwa maji safi, akazipaka mafuta. Hazikuharibika. Wateja walipouliza, akawafundisha kufanya hivyo.

Saluni nayo ikabadilika. Mumewe alimtengenezea stuli ndefu, akawa anasuka ameketi, kisha anasimama, kisha anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Alipanda juu ya vidole na kushuka, akikaza vigimbi. Mchana alilala chali kwenye benchi na kuegemeza miguu ukutani.

"Jamani, sisi tunasubiri!" wateja walilalamika siku za mwanzo.

"Subirini. Damu inapanda."

Wengine waliguna. Lakini nywele hazikuvutwa tena kwa hasira, wakazoea. Mteja wake wa zamani alirudi akaketi kama vile hakuondoka. Siku moja, wakiwa wawili tu, alipandisha sketi yake kidogo na kuuliza, "Hii yangu je?" Mama Chapchap aliitazama. Hakumpa dawa. Alimwelekeza kwa daktari.

Alipokwenda kuangaliwa tena, daktari aliupima mguu kwa utepe, akatabasamu. Uvimbe ulikuwa umepungua sana. Ngozi ilikuwa imelainika, na kidonda hakikufunguka tena. Mishipa ilikuwapo bado, imetuna pale pale. Mama Chapchap aliitazama akainua mabega. Aliendelea kuvaa soksi, na aliendelea kuogelea. Usiku alilala fofofo. Mumewe alisema mara nyingine humgusa kuhakikisha anapumua.

Asubuhi moja ya mapumziko, bwawa lilikuwa wazi kwa familia. Mama Chapchap aliogelea upana wake wote bila ubao, mara ya kwanza. Alipogusa ukuta alimkuta mumewe ameketi ukingoni, suruali ameikunja, nyayo majini. Vifundo vyake vilikuwa na alama za soksi, zimezama kwenye nyama iliyovimba. Kutwa kwenye kigoda, miaka yote hiyo, na yeye hakuwahi kumtazama miguu.

"Baba watoto, ingia."

"Mimi niko sawa hapa."

"Daktari alikutazama wewe pia siku ile. Nilikuona ulivyoificha. Kesho tunakwenda akupime. Leo ingia."

Aliingia, mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo. Alitembea. Alizoea. Baadaye akakubali kujaribu kulala. Mama Chapchap aliweka kiganja chini ya kichwa chake. Fundi alijikunja, akazama, akaibuka anakohoa na kutukana maji. Watoto waliokuwa karibu walicheka. Akajaribu tena, akazama tena.

"Niache, mama watoto. Mimi jiwe."

"Jaribu."

"Utachelewa kufungua saluni."

"Itafunguliwa tukifika."

Alirudisha kiganja mahali pake. Mumewe akavuta pumzi, akajilaza, shingo ngumu kama kipande cha mti, macho ameyakodoa kwenye dari. Mama Chapchap alisimama ndani ya maji kwa miguu yake miwili iliyotulia, akamsubiri.